Ndoo Tupu: Muhula Wangu wa Picha za Habari Dodoma

Picha niliyoipenda kuliko zote nilizopiga muhula huu haimo katika kazi niliyoikabidhi kwa mhadhiri. Inamwonyesha mama mmoja akitoka katikati ya safu mbili za mizabibu, ndoo ya lita 20 kichwani, jua la asubuhi likiwa nyuma yake na vumbi jepesi likielea miguuni. Niliiondoa mwenyewe siku moja kabla ya kukabidhi, na tangu hapo nimekuwa nikitaka kueleza jinsi nilivyofikia uamuzi huo, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu nilichojifunza katika somo la picha za habari.

Ninasoma mwaka wa pili wa uandishi wa habari katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nimezaliwa na kukulia Tanga, kwa hiyo nilipokuja huku nilikuwa mgeni wa upepo mkavu, wa mibuyu, wa mlenda, na wa lugha ya Kigogo ambayo hadi leo naijua kwa salamu tu. Somo lenyewe lilikuwa na kazi tatu: picha moja yenye maelezo yake, picha simulizi ya picha kumi, na kazi ya mwisho ya kikundi inayounganisha picha mnato na sauti. Kamera zilikuwa chache na tulizitumia kwa zamu, kila mmoja siku mbili, hivyo mtu aliyepata kamera siku ya mvua alilazimika kupiga picha za mvua.

Kazi ya kwanza niliifanya Soko la Majengo, na niliidharau. Nilimpiga picha mama mmoja aliyekuwa akipima mlenda mkavu kwa kopo, nikarudi bwenini, nikaandika chini yake: "Mfanyabiashara akiuza mboga sokoni." Niliporudishiwa karatasi, sentensi yangu ilikuwa imezungukwa na maswali kwa wino mwekundu. Nani? Mboga gani? Soko lipi? Lini? Na kwa nini msomaji aitazame? Mwalimu wetu alitueleza kwamba maelezo ya picha ni sehemu ya picha, kwamba sentensi ya kwanza hutaja kile kinachoonekana, ikisema ni nani, anafanya nini, wapi na lini, na sentensi ya pili hubeba kile ambacho jicho haliwezi kukiona kwenye picha. Mwanafunzi asiyeweza kuandika sentensi hizo mbili, alisema, hakuwapo pale. Kamera yake tu ndiyo iliyokuwapo.

Nikarudi sokoni siku ya tatu. Mama alinitambua kabla sijafika kwenye meza yake, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayemwonya mtoto wa nyumba yake, "Mwanangu, siku ile ulipiga ukaondoka. Hata shikamoo hukunipa."

Darasani tulisoma Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote ni muhimu kwa mtu anayetaka kufanya kazi hii kwa halali, lakini hakuna kifungu kilichoniingia kama maneno hayo. Nilimwamkia, akaitikia, nikaomba radhi, nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa kando. Katika nusu saa alinieleza kwamba majani yale huchumwa wakati wa mvua, yakaanikwa na kuhifadhiwa ili yaliwe miezi mirefu ya ukame, kwa kuwa Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo mashamba hukauka kabisa. Picha niliyodhani ni ya biashara ndogo ilikuwa pia picha ya akiba ya chakula ya mkoa mzima, na jambo hilo lisingeonekana popote kwenye fremu kama nisingeuliza. Alinipa jina lake na la baba yake. Silitaji hapa kwa sababu ruhusa aliyonipa ilikuwa ya kazi ya darasani.

Kazi ya pili ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi na ndiyo ninayotaka kuikalia.

Nilichagua zabibu. Mtu akitaja Dodoma nje ya mkoa huu, wengi hufikiria Bunge na ofisi za Serikali, lakini anayekaa hapa anajua kwamba Februari na Machi barabara za pembezoni mwa jiji hujaa watu wenye ndoo na makreti ya zabibu, na kwamba zipo familia ambazo ada za watoto wao hulipwa na mzabibu. Mizabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno makubwa yakiwa katika miezi hiyo niliyoitaja na mengine yakiwa karibu Agosti na Septemba, kwa kuwa mkulima ndiye anayeuamsha mmea kwa kuupogoa na kuhesabu miezi tangu siku hiyo. Nilipata barua ya utambulisho kutoka chuoni, nikaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa katika kata ya Mpunguzi, kando ya barabara iendayo Iringa, naye akanikutanisha na familia moja yenye shamba dogo. Nilipofika kwao nilijitahidi kuwaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", wakaniitikia kwa furaha kubwa, halafu wakaendelea kuzungumza nami kwa Kigogo hadi nilipokiri kwamba neno langu lilikuwa hilo moja.

Siku ya kwanza nilifika saa sita mchana, na picha zote za siku hiyo ziliharibika. Sababu yake naiandika kwa kirefu, kwa kuwa ingenisaidia sana kama mtu angeniambia mapema. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini hapa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mavuno makubwa ya zabibu, kwa maneno mengine, huangukia majira ambayo jua la adhuhuri halina kivuli. Wavunaji wote huvaa kofia za pama au hujifunga kanga kichwani, na mwanga unaotoka juu moja kwa moja hugeuza kila uso ulio chini ya kofia kuwa shimo jeusi. Kipima mwanga cha kamera nacho hakijui kwamba kinatazama uso wa mtu. Huchukua kila kilicho mbele yake, hukadiria kwamba kwa jumla kina weupe na weusi wa wastani, kisha huongeza au kupunguza mwanga hadi wastani huo upatikane. Anga jeupe likijaa nusu ya fremu, kamera hupunguza mwanga, na mtu mweusi aliyevaa kofia hupotea machoni pa msomaji.

Mwalimu wetu aliliona hili kuwa jambo zito kuliko ufundi. Alitusimulia kwamba katika enzi za filamu za rangi, maabara za picha kwa miaka mingi zilisawazisha rangi kwa kadi iliyokuwa na sura ya mwanamke Mzungu, na watu wenye ngozi nyeusi wakatoka kwenye picha kama vivuli wenye meno na macho. "Kamera mnayoazima imebadilika," alisema, "lakini bado ni wajibu wenu kuupima mwanga usoni pa mtu na si angani." Kwa hiyo tulifundishwa kuweka kipimo kwenye nukta moja tu ya fremu na kuielekeza kwenye shavu, kulitoa anga nje ya picha kwa kupiga kutoka juu kidogo au kwa kuweka majani nyuma ya mtu, na zaidi ya yote kuamka mapema. Tangu siku ya pili nilikuwa napanda daladala ya kwanza na kufika shambani kabla ya saa moja na nusu asubuhi, wakati jua bado liko ubavuni na mwanga wake unaingia chini ya ukingo wa kofia.

Niliona mengi asubuhi hizo. Vishada hukatwa kwa mkasi, karibu kabisa na tawi, na mvunaji hukipokea kishada kwa mkono wa pili ili kisianguke, kwa maana punje iliyopasuka huanza kuchacha na kuharibu zilizo jirani yake. Nyuki na nyigu huja mapema kuliko watu. Ndoo ikijaa hubebwa hadi kwenye kivuli cha mbuyu na kumiminwa kwenye kreti, taratibu, kwa mikono yote miwili. Baba wa familia aliniambia kwamba hofu yake kuu ni siku zinazofuata baada ya kukata, kwa sababu zabibu haimsubiri mnunuzi kama mahindi yanavyoweza kusubiri ghalani. Mnunuzi asipofika ndani ya siku chache, mali hugeuka hasara. Ndiyo maana wakulima wengi huzungumza sana siku hizi juu ya kukamua na kuuza mchuzi wa zabibu, unaoweza kuhifadhiwa kwenye matangi, badala ya kubaki na matunda mikononi huku bei ikishuka. Nilipiga picha ya mikono yake ikiwa imeshika kishada kimoja kilichoanza kulainika, na naamini picha hiyo ilisema hofu yake kwa ukamilifu kuliko picha yoyote ya uso wake ambayo ningeweza kupiga.

Asubuhi ya tatu ndipo mama wa nyumba ile alipotoka katikati ya safu akiwa na ndoo kichwani, jua likiwa nyuma yake. Niliinua kamera, nikabonyeza, na papo hapo nikaona kwamba lenzi imeshika majani ya mbele na kumwacha yeye ndani ya ukungu. Alikwishapita. Alimimina zabibu kwenye kreti, akageuka. Nikamwomba, kwa heshima zote, apite tena mahali pale pale. Alicheka kidogo, akaweka ndoo kichwani, akarudi hadi katikati ya safu na kutoka tena, polepole zaidi, macho yake yakiangalia mbele. Safari hii kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilirudi mjini siku hiyo nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata katika masomo yoyote.

Kila wiki tulikuwa na kipindi cha kuonyeshana picha ukutani kabla ya kuzikabidhi. Picha ya mama yule ilipotokea, darasa lilinyamaza, na nilijua ukimya huo ni wa sifa. Kisha mwenzetu mmoja, msichana ambaye wazazi wake wana mizabibu Hombolo, akainua mkono. Alisema hakutaka kuharibu, ila alitaka kuelewa: ndoo ile ilikuwa na nini ndani? Akasimama, akaenda ukutani, akaonyesha kwa kidole. Mtu aliyebeba ndoo iliyojaa zabibu, alisema, huikaza shingo na kuinua kidevu kidogo, mkono mmoja hushika ukingo wa ndoo, na hatua zake huwa fupi. Mama huyu shingo yake imelegea na mikono yote miwili inaning'inia. Ndoo hii ni tupu.

Sikuweza kukana. Mwalimu hakunikemea, aliniuliza tu maelezo ya picha yangu yatasemaje. Nilianza kusema, "Mkulima akibeba zabibu," nikakomea hapo, kwa sababu hakuwa amebeba zabibu. Alikuwa akinitii mimi. Nikatambua kwamba nilikuwa naweza kuitetea picha ile kwa kila namna, kwamba mama alikuwa mkulima kweli, kwamba dakika mbili kabla alipita pale pale na ndoo iliyojaa, kwamba hakuna msomaji ambaye angedhurika. Ila sikuweza kuiandikia sentensi moja ya kweli isiyoibomoa. "Mkulima akiwa na ndoo tupu baada ya kuombwa na mpigapicha" ndiyo ilikuwa sentensi ya kweli, na hakuna mhariri anayechapisha hivyo.

Hapo mwalimu akatupa mifano miwili ambayo kila mwanafunzi wa picha za habari hukutana nayo. Mwaka 2003, wakati wa vita vya Iraq, Brian Walski wa gazeti la Los Angeles Times aliunganisha kwenye kompyuta picha mbili alizozipiga kwa kufuatana karibu na Basra ili apate moja iliyopangika vizuri zaidi, na gazeti likamfukuza kazi. Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press lilivunja uhusiano na Narciso Contreras, mmoja wa wapigapicha waliokuwa wameshinda Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka uliotangulia kwa picha za Syria, kwa kuwa alifuta kamera ya mwenzake iliyoonekana kwenye kona ya picha. Wenzangu wengine waliona adhabu hizo ni kali mno kwa makosa madogo. Mimi, nikiwa nimekaa chini ya ndoo yangu tupu, niliona kwamba wote wawili walianza mahali nilipoanzia, yaani kwa kupenda picha kuliko tukio lenyewe, na kwamba mimi sikuhitaji hata kompyuta. Niliharibu ukweli kwa kuomba tu kwa adabu. Kumpanga mtu kwa ajili ya picha yake ya sura hakuna ubaya wowote, na kila mtu anayeitazama anajua kwamba amekaa ili apigwe. Ubaya huanza pale msomaji anapoambiwa kwamba hivi ndivyo ilivyotokea.

Niliiondoa. Mahali pake niliweka picha ya ndoo ikimiminwa kwenye kreti, iliyo na mwanga wa kawaida na mpangilio wa kawaida, na ambayo naweza kuiapia.

Tulizungumza pia juu ya Mohamed Amin, kwa sababu mwalimu hakutaka tudhani kwamba kazi hii ni ya watu wa mbali. Amin alikuwa Mkenya aliyekulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Oktoba 1984 picha jongefu alizopiga Korem, Ethiopia, akiwa na mwandishi Michael Buerk wa BBC, ziliitikisa dunia na kuamsha misaada mikubwa kwa watu waliokuwa wakifa njaa. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, hadi alipofariki Novemba 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Naheshimu sana maisha hayo. Hata hivyo nilipozitazama picha za Korem nilijikuta nikiuliza majina, jambo ambalo kabla ya muhula huu lisingenijia: wale akina mama waliofunikwa mablanketi alfajiri ile waliitwa nani? Labda katika msiba mkubwa kiasi kile hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Sokoni Majengo nafasi ilikuwapo tele, na bado sikuuliza.

Kazi ya tatu nitaigusa tu. Kikundi chetu kilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na tukamrekodi akiponda vyuma hivyo na kuvipanga juu ya sanduku la mbao. Ilikuwa Juni, na upepo wa Dodoma wa miezi hiyo uliingia kwenye kinasasauti na kuifunika sauti ya ala kabisa, hadi mke wa mzee alipotuletea kanga kuukuu tukaizungushia kinasasauti mara tatu. Mzee alituonyesha tundu dogo kwenye sanduku lililozibwa kwa utando wa buibui, ambao ndio unaoipa ilimba ule mvumo wake wa kukwaruza. Tuliuweka mvumo huo peke yake, sekunde nane bila maneno, mwanzoni mwa kazi, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote tuliyoyafanya kwa pamoja.

Mwanzoni mwa Julai, mitihani ilipokwisha, nilisafisha picha kumi na mbili katika studio moja mjini na kupanda gari la Mpunguzi. Mizabibu ilikuwa na majani machache na shamba lilikuwa kimya. Familia ilikaa chini ya mbuyu na picha zikapita mkono kwa mkono, watoto wakizigombania zile zenye sura zao. Mama alizitazama zote, akazirudia tena, kisha akaniuliza, "Ile ya ndoo iko wapi?"

Nilikuwa nimeisafisha, ila niliiweka peke yake ndani ya bahasha kwa sababu sikujua nimwelezeje. Nikamweleza. Nilimwambia kwamba sikuweza kuipeleka chuoni kwa kuwa ndoo ilikuwa tupu na mimi ndiye niliyemrudisha njiani. Alisikiliza hadi mwisho, akaipokea bahasha, akaitoa picha na kuishika mbali kidogo na macho yake. Akasema wao watu wa chuo wakatae kama wanavyotaka, yeye siku ile alipita pale kwa ajili ya picha na picha ndiyo hii, kwa hiyo haina uongo wowote kwake.

Akaniomba niandike nyuma yake, kwa kuwa mtoto wake mkubwa yuko mbali na angependa kumtumia. Nikaigeuza, nikaandika kama nilivyofundishwa: jina lake kamili, Mpunguzi, Dodoma, mwezi na mwaka. Alimwita binti yake wa darasa la sita asome. Binti akasoma, akatikisa kichwa. Jina la ukoo wao lina ile sauti ya Kigogo inayotoka kwa pumzi puani, kama ilivyo mwanzoni mwa jina la kata ya Ng'hong'honha, na mimi nilikuwa nimeliandika kama nilivyolisikia kwa sikio la Tanga. Jina hilo hilo lilikuwa kwenye kila ukurasa wa kazi niliyoikabidhi. Binti alichukua kalamu mkononi mwangu, akabana herufi moja ndogo, h, kati ya herufi mbili za kwanza, akampa mama yake picha.